Sura Iliyochelewa Kukauka

Baba mkwe wangu alichora vichwa vya watu kwa miaka thelathini na minne, na vyote vilikuwa kichwa kimoja. Ukipita kwa vinyozi wa mtaa wetu, na wa mtaa wa pili, na kule stendi, utamkuta yule yule kwenye kila bango: kijana wa shingo ndefu, macho yanaangalia pembeni, midomo imefungwa kama mtu aliyebeba maji mdomoni. Kinachobadilika ni nywele tu. Hapa panki, pale upara, kule mstari umepitishwa juu ya sikio. Watu wakimtania kwamba anajua sura moja, anawajibu kwamba hakuna anayekwenda kwa kinyozi kununua sura.

Bingwa wa utani huo alikuwa mama mkwe mwenyewe, Mungu amrehemu. Alikuwa fundi cherehani, na chumba chake cha kazi kilikuwa kile cha nyuma, chenye dirisha linalotazama karo la kufulia. Alikuwa akisema siku huyu mzee akimchora yeye atampa masharubu, halafu atamuuliza ananyoa au anapunguza. Anacheka kwa pua, macho hayaondoki kwenye sindano. Na mzee akirudi kazini viatu vimejaa rangi, akifika tu kwenye mlango wa chumba hicho, mama anasema neno moja: "Viatu." Hamtazami. Mzee anasimama, anainama, anavua, anaingia pekupeku. Nilipoolewa nililikuta neno hilo ndani ya nyumba, na kwa miaka miwili niliyoishi na mama nadhani nililisikia kila siku.

Alipofariki tulitafuta picha yake ya kuweka sebuleni, hatukupata. Hakupenda kupigwa picha. Akiona simu imeinuliwa anageuka, au anakumbuka ana kitu jikoni. Katika picha za harusi yangu yupo katika moja tu, ameinama anarekebisha upindo wa gauni langu, unaona kitambaa cha kichwa na mgongo. Kilichobaki ni kitambulisho chake, na pale anaonekana kama mtu aliyeambiwa asipumue.

Tangu hapo mzee akawa anaingia na viatu popote. Nyayo za rangi zikawa zinatoka ukumbini mpaka chumba cha nyuma, nami nikawa nazipiga deki kimya kimya. Lile neno halikuwa langu.

Mwanangu, ambaye tunamwita Kijino kwa sababu aliota jino la kwanza kabla watu hawajazoea jina lake, alipofika miezi minane akaanza kukohoa. Nesi wa zahanati alinusa kanga yangu, akaniuliza nyumbani kwetu kunapikwa nini. Nikamwambia si kupika, ni tapentaini, babu yake anaoshea brashi na kuchanganyia rangi. Nesi akasema moja kati ya viwili kihame, harufu au mtoto. Nilirudi sijui nitaanzaje kumwambia mzee. Nilipomwambia alisikiliza mpaka mwisho, akaenda nyuma, akayabeba makopo yote kwenye toroli akampelekea mchoraji mwingine. Hakurudi hata na brashi moja. Kesho yake mtu aliyezoea kushinda juu ya ngazi nikamwona ameketi kwenye benchi barazani, mikono juu ya magoti, kama anayesubiri kuitwa.

Mimi ndiye ninayeshinda nyumbani, kwa hiyo mimi ndiye niliyeona kwanza. Funguo nilizikuta ndani ya kopo la sukari. Nikazitoa, nikazitundika msumarini. Siku nyingine alianza kunisimulia habari ya bango la duka la viatu, akaisimulia vizuri, halafu akaianza tena kama hajaisimulia. Kisha adhuhuri moja, mimi nanyonyesha, akaja kuniuliza mama amekwenda wapi, chakula kinapoa. Sikujua pa kuweka macho. Nikamwambia, baba, mama hayupo. Akanitazama kidogo, akasema, "Ee. Kweli," akaketi.

Mume wangu ni dereva wa lori, anarudi kila baada ya wiki mbili. Aliporudi alimpeleka kwa daktari. Daktari akampa karatasi achore saa ya ukutani. Mume wangu alinisimulia hakuwahi kuona saa nzuri namna ile: ina fremu ya mbao, ina kivuli, ina mpaka mng'ao wa kioo. Ila namba zote kumi na mbili zilikuwa zimesongamana upande mmoja, kama abiria waliokimbia jua. Mzee mwenyewe aliitazama sana, akajua kuna kitu hakijakaa sawa, hakujua ni kitu gani.

Jioni ile alikuja nilipokuwa naanua nguo. Akanisaidia kushika ncha za shuka tulikunje.

"Majina yaende tu, mwanangu," akaniambia. "Ninachoogopa ni sura yake. Asubuhi nyingine namtafuta, namwona yule wa kinyozi."

Niliendelea kukunja. Shuka lile nililikunja vibaya, ikabidi tulifungue tuanze upya.

Aliyemletea mzee rangi nyingine ni mwalimu wa sanaa wa shule ya jirani, ambaye mzee aliwahi kumwandikia ukuta mzima wa shule. Alikuja na sanduku la tyubu, turubai la kuchorea lililokwisha kuwambwa kwenye fremu, na chupa mbili ndogo. Akasema hizi ni rangi za mafuta, lakini zinakubali maji, hakuna haja ya tapentaini, unaosha brashi kwa sabuni ya mche. Mzee akamtazama kama anayeuziwa mbuzi ndani ya gunia. Mimi pia. Jikoni kwangu mafuta na maji hayajawahi kukaa pamoja hata siku moja, ukiyalazimisha yanakurukia usoni.

Alipoondoka tulijaribu wawili, kwenye sahani ya bati. Mzee alikamua rangi kidogo, nikadondosha maji kwa kijiko, akakoroga. Tukasubiri yaachane. Hayakuachana. Yalikuwa meupe kidogo kama chai iliyotiwa maziwa, yakakaa hivyo hivyo, yametulia. Mzee alinusa sahani, hakunusa kitu, akampa na Kijino anuse. Alikuwa kama amekasirika. Aliniuliza kwa hiyo miaka yote ile kifua chake kilikuwa kinapigwa na tapentaini bila sababu?

Zile chupa mbili moja ilikuwa ya kukausha upesi na nyingine ya kuchelewesha. Maandishi yake yalikuwa madogo na ya lugha ambayo niliiachia darasa la saba, kwa hiyo nilibandika plasta juu ya kila moja kama alivyotueleza mwalimu, nikaandika HARAKA na POLEPOLE. Mwalimu alisema rangi ukiitia hiyo ya pili haikauki kwa wiki nyingi, inakupa muda wa kurekebisha. Mzee akamwambia arudie hapo kwenye muda. Chupa ya HARAKA hakuifungua kamwe. Kulikuwa na sharti moja tu: rangi ya chini iwe nyembamba, ya maji matupu, na yenye mafuta ije juu yake. Chini nyembamba, juu nono. Ukigeuza, picha inapasuka. Mzee alilikariri sharti hilo akitembea uani, kwa sababu alishajua kichwa chake kinavuja.

Akahamia chumba cha nyuma. Cherehani ya mama tuliisogeza ukutani, turubai likaegemezwa juu ya kiti cha fundi, nepi za zamani za Kijino zikawa vitambaa vya kufutia. Kwa asubuhi tatu alichora kwa rangi ya maji matupu, mkono mwepesi kabisa, hasimami kufikiri. Mimi nilikuwa napita na beseni la nguo. Asubuhi ya tatu nilitupa jicho nikasimama. Alikuwa mama. Ameinamisha kichwa, macho yako chini kwenye kazi, mdomo umekaa kama anataka kucheka kwa pua. Sikusema. Mimi ni mkwe, nilimjua miaka miwili tu, nani angeniuliza? Nikaenda kuanika nguo.

Jumapili wakaja mawifi zangu. Wifi mkubwa anauza vifaa vya ujenzi, na sauti yake imezoea kubishana juu ya kelele za mabati. Wifi mdogo anafundisha chekechea, anaongea na kila mtu kama ana miaka minne. Walisimama mbele ya turubai, wakamsifu baba, halafu wifi mkubwa akasema pua ya mama ilikuwa nyembamba kuliko hapo. Wifi mdogo akasema jamani, mama alikuwa na mashavu, mashavu yako wapi? Wifi mkubwa akasema mashavu aliyapata uzeeni, na kwa nini anaangalia chini? Mama alikuwa anakuangalia mtu usoni mpaka unakiri kosa ambalo hujafanya. Wifi mdogo akasema labda wewe.

Mzee alikuwa amesimama na brashi nyuma ya sikio, anasikiliza. Hapo ndipo kosa lilipoanzia, lakini wakati huo sikuliona kama kosa. Mtu aliyeandika mabango miaka thelathini na minne habishani na mteja. Mteja akisema herufi iongezwe unene, anaongeza. Akisema jua liwe la kijani, linakuwa la kijani. Basi wanawe walipoondoka akaichukua chupa ya POLEPOLE, akachanganya, akaanza kupunguza pua.

Wiki ile pua ikawa nyembamba. Wiki iliyofuata mashavu yakaja, na macho yakainuka. Mume wangu, nilipolipiga turubai picha kwa simu nikamtumia huko njiani, alijibu kwamba paji la uso lilikuwa pana zaidi, halafu baada ya saa nzima akaandika tena kwamba kusema kweli yeye anaikumbuka zaidi mikono. Mzee akapanua paji la uso. Jumapili nyingine wifi mkubwa akasema pua sasa imezidi wembamba.

Na kwa kuwa rangi ilikuwa haikauki, hakukuwa na siku ya kusema basi. Kila jambo liliwezekana. Rangi zenyewe zilikuwa na vituko vyake: akichanganya na maji, uso asubuhi ni maji ya kunde, jioni umeiva na kuwa kahawia, na hakuna aliyeugusa. Mara ya kwanza nilidhani mzee alirudi kuupaka. Naye alidhani ni mimi. Tukawa tunatazamana mezani, kila mtu anamshuku mwenzake, mpaka mwalimu alipopita akatueleza kwamba maji yakiondoka rangi hurudi kwenye weusi wake. Tulimwitikia wote wawili. Alipotoka mzee akaniuliza nimeelewa nini, nikamwambia sijaelewa, akasema afadhali.

Wiki ya tano sikuweza kusema tena ni nani yule kwenye turubai. Alikuwa na pua ya wifi mkubwa, mashavu ya wifi mdogo, paji la mume wangu. Shingo ilikuwa imerefuka, sijui kwa ombi la nani. Macho yalikuwa yameanza kuangalia pembeni.

Asubuhi moja nilimpelekea mzee uji, nikamkuta amesimama mlangoni, viatu miguuni, anaongea na turubai kwa adabu kabisa.

"Karibu, kaka. Bango lako bado, njoo wiki ijayo."

Nikabaki na kikombe mkononi. Akageuka akaniona, akaitazama picha, akanitazama mimi.

"Huyu ni nani?" akaniuliza.

Nikamwambia ni mama. Akasogea karibu, akainama, akatazama kwa muda mrefu, uso wake ukijikunja kama wa mtu anayesoma barua bila miwani. Akaniambia niweke uji chini. Siku ile hakuchora. Siku ya pili pia hakuchora. Aliketi barazani, na nilipopita alinishika upindo wa kanga, akaniuliza, taratibu, kama mama alikuwa na shingo ndefu. Nikasema sikumbuki vizuri, baba. Niliogopa kumjaza na la kwangu. Sasa najiuliza kama kunyamaza kwangu hakukuwa ukatili, lakini siku ile nilidhani ni heshima.

Ijumaa upepo ulivuma kutwa nzima, na vumbi likaingia kila mahali. Jumapili mawifi walikuwa wanakuja. Jumamosi asubuhi nikaingia chumba cha nyuma kufuta. Nikafuta cherehani, nikafuta dirisha, nikafika kwenye turubai. Vumbi lilikuwa limeota juu yake kama ukungu wa mkate, na unywele, na kwenye shavu alama ya vidole vidogo ambavyo nilivijua ni vya nani. Niligusa pembe ya chini kwa kidole. Pakavu. Nikagusa pembe ya juu. Pakavu pia. Basi nikasema moyoni, wiki zote hizi, imekauka. Nikachovya nepi kwenye maji ya sabuni, nikaikamua, nikapitisha usoni mara moja, kutoka paji mpaka kidevu, kama ninavyomfuta Kijino.

Nepi ilirudi na uso.

Zile pembe mzee alizipaka rangi ya maji matupu siku za mwanzo, hakuzigusa tena. Hilo nililifikiria baadaye. Wakati ule sikufikiria kitu. Nilisimama na nepi imejaa pua na shavu na jicho moja. Nikawaza kuikunja nepi niifiche kwenye ndoo, niseme ni mtoto. Kijino alikuwa sakafuni anatafuna kijiko cha mbao, akanitazama kama amesikia.

Kisha nikatazama turubai.

Pale nilipopita hapakuwa peupe. Chini ya mafuta yote yale kulikuwa na rangi nyembamba, kavu, imeshika kama chai iliyoingia kwenye kitambaa. Nusu ya uso. Jicho moja linaangalia chini. Pembe moja ya mdomo, imekaa kama inataka kucheka. Upande mwingine bado alikuwepo yule wa kinyozi na shingo yake, yeye na mama wakigawana kichwa kimoja.

Nilisikia hatua za mzee ukumbini. Viatu vyake vizito vya kazi, anaburuza kidogo cha kushoto. Nilitaka kusimama mbele ya turubai, nikachelewa. Akafika mlangoni. Akaona nepi, akaniona mimi, akaona picha.

Nikasema, "Baba, nimeharibu."

Sijui hata kama alisikia. Alisimama pale kizingitini, mkono mmoja umeshika fremu ya mlango. Halafu akainama, akafungua kamba za kiatu cha kulia, akakivua, akafungua za kushoto, akakivua. Akaviweka nje ya mlango, pamoja, visigino ukutani. Akaingia pekupeku.

Akanyoosha mkono bila kunitazama, nikajua anataka nepi. Aliikunja upande msafi, akaichovya, akaikamua vizuri kuliko nilivyoikamua mimi, akaanza kumtoa yule mwingine. Alifuta polepole, kuanzia shingo. Kila alipopita alikuwa anaguna kidogo, kama mtu anayekubaliana na mwenzake mazungumzoni. Ilimchukua mpaka mchana. Nilikuwa nampa nepi safi, napokea chafu. Mwishowe alibaki mama mzima, mwembamba wa rangi, anaangalia chini kwenye kazi yake.

Jumapili mawifi walikuja. Wifi mkubwa alisimama mbele ya turubai na mkoba bado begani. Wifi mdogo alikuwa anafuta macho kwa mgongo wa mkono. Halafu wifi mkubwa akavuta pumzi, akaanza kwamba ila baba, pua.

"Imekauka, mwanangu," mzee akasema.

Wifi akanyoosha kidole akagusa pua. Akakitazama kidole. Kilikuwa safi.

Chupa ya POLEPOLE mzee alinipa niitunze, akaniambia akiiomba nimwambie imekwisha. Ameiomba mara mbili. Mara zote mbili nimemdanganya, na mara zote mbili amenishukuru.

Sasa siku nyingi anachora vitu vingine, machungwa, sufuria, cherehani. Nimejifunza kumwoshea brashi, na bado sielewi jinsi mafuta na maji yale yanavyopatana. Wiki iliyopita aliniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamwambia ni mke wa mwanao, baba, mama yake Kijino. Akasema karibu, akanisogezea kiti, akaniomba radhi kwamba nyumba haina mtu wa kunipikia chai. Nikaenda nikaipika, nikamletea chumba cha nyuma.

Mlangoni ilinibidi niruke. Viatu vyake vilikuwa pale nje, pamoja, visigino ukutani. Nikasimama na chai mkononi, nikatoa ndala zangu, nikaziweka kando yake.